Yote Yako Kwenye Kadi

Kuna asubuhi moja ambayo ningepewa kuirudia ningehitaji neno moja tu: hapana. Nilikuwa kwenye veranda ya thieta nikinakili orodha ya wagonjwa wa kupasuliwa siku hiyo. Metroni akasimama nyuma ya bega langu, akatazama kalamu ikitembea, kisha akasema, "Mutiso, mwandiko wako unapita wa madaktari wote wa hospitali hii."

Kuupita mwandiko wa daktari si jambo la kujivunia. Kuku aliyetoka kwenye matope anaweza. Lakini mimi nilijivuna hadi kola ikanibana.

Metroni akanieleza shida yake. Kila mgonjwa akitoka kupasuliwa, nesi wa thieta alimsindikiza hadi wodini na kumkabidhi kwa mdomo: amefanyiwa nini, amepewa dawa gani, aangaliwe nini. Maneno hayo yalichukua dakika tano, mara nyingine kumi, na huku nyuma daktari amesimama na glovu mikononi akimngoja mgonjwa wa pili. "Nataka kadi," akasema. "Kadi yenye visanduku. Nesi ajaze, aiache wodini, arudi kazini. Hotuba za mlangoni ziishe. Utanitengenezea?"

"Ndiyo, Metroni."

Sikuuliza hata swali moja. Wala sikumwambia kwamba nilikuwa na sababu yangu mwenyewe ya kuipenda kadi hiyo, sababu isiyohusu daktari wala glovu zake. Nilikuwa naogopa kuongea.

Nilistaafu mwezi uliopita. Vijana wa thieta waliponiaga walisema, "Mzee, tuandikie ulivyofanya kazi, tusome." Nashuku walitaka tu kunitoa kwenye chumba cha chai, ambako nilikuwa nimeshasimulia kila kitu mara tatu isipokuwa hiki. Basi naandika, hapa kwangu Kayole, katika vyumba viwili ambavyo fundi aliniapia kwamba havitavuja. Mambo ya vyeo na mishahara nitayaruka. Vyeo vilikuja vyenyewe, kama mvi.

Kabla ya unesi nilikuwa karani wa stoo. Huko ndiko nilikojifunza kuandika vizuri na kuongea kidogo, kwa sababu magunia hayaulizi maswali. Nilipomaliza mafunzo ya uuguzi na kupangiwa thieta, mwanzoni mwa miaka ya sabini, nilikuwa nimepanga chumba Kaloleni. Watoto wa mtaa walikuwa hawajaona nesi mwanamume. Nikirudi jioni walinifuata hadi mlangoni wakiimba, "Sista Mutiso! Sista Mutiso!" Watu wazima waliniita daktari, hasa wakiwa na jipu. Watoto niliwarekebisha kila siku. Watu wazima sikuwarekebisha hata siku moja.

Hospitali yenyewe sitaitaja. Ilikuwa upande wetu wa mashariki wa Nairobi, ikiwahudumia watu wa Makongeni, Shauri Moyo, Pumwani na Eastleigh, pamoja na wachinjaji wa mbuzi waliokuja kutoka Kiamaiko wakishikilia vidole vyao kwa leso. Thieta ilikuwa upande mmoja wa uwanja, wodi upande wa pili. Aliyechora ramani ile aliamini kwamba mvua hunyesha wilaya nyingine. Mgonjwa akitoka kupasuliwa tulimfunika blanketi jekundu, tukamsukuma uwanjani juu ya troli ambayo gurudumu lake moja lilikuwa na safari zake binafsi. Ukilenga wodi ya wanaume, lenyewe lilikwenda jikoni.

Siku yangu ya kwanza ndani ya thieta nilivaa gauni kinyume, nikajifunga barakoa hadi miwani ikajaa ukungu, na daktari alipogusa ngozi kwa kisu nikaanguka chali. Sauti niliyoisikia kabla ya kupotea ilikuwa ya mwanamke, tulivu kabisa: "Mwokoteni huyo, mumweke mbali na vyombo vyangu."

Huyo alikuwa Mama Zainabu. Alikuwa mfupi, wa makamo, mzaliwa wa Pumwani ambaye babu zake walitoka pwani, na Kiswahili chake kilikufanya utamani kukiandika. Asubuhi alifika na buibui, akalitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, akavaa kofia ya kijani, na kuanzia hapo hata daktari mkuu alimwomba ruhusa ya kupiga chafya. Kila kibano cha thieta alikifunga uzi mwekundu kwenye shingo ya kibano, kwa sababu wodi zilikuwa na tabia ya kuviasili vibano vyetu na kuvilea kama watoto wao. "Uzi mwekundu ni wangu," alikuwa akisema. "Ukikiona kokote, kinalilia nyumbani."

Mama yangu mzazi alifariki nikiwa darasa la nne. Wiki yangu ya pili thieta Mama Zainabu alianza kuniita mwanangu. Pengine aliwaita hivyo wote. Mimi nililipokea neno lile kama langu peke yangu.

Yeye ndiye aliyenifundisha kumkabidhi mgonjwa, na hili vijana mnisikilize. Alipofika wodini hakusema kitu mpaka nesi wa wodi aweke chini alichoshika. Kisha alianza na jambo ambalo lingeweza kumuua mgonjwa kabla saa moja haijapita. Baada ya hapo aliweka mkono kichwani mwa mgonjwa na kushuka polepole: shingo, kifua, tumbo, kila mpira wa kutolea majimaji na kila bandeji, mpaka kidole cha mguu, akigusa na kusema, akigusa na kusema. Akimaliza alimwambia nesi, "Haya, sasa nikabidhi mimi." Nesi arudie yote. Na kama kulikuwa na jambo la kufanywa pale pale, hakuondoka mpaka aone mikono ya mwenzake imelifanya.

Wodi nzima ilimcheka. "Leo khutba ni ndefu, Mama Zainabu?" waliuliza. Naye akajibu, "Ndefu kuliko ya maziko, fupi kuliko ya kujitetea mbele ya wakubwa. Haya, weka sindano chini unisikilize."

Mimi nilikuwa na mtihani wangu, na jina lake lilikuwa Sista Agripina, mkuu wa wodi ya wanaume. Alikuwa mrefu, saa imening'inia kifuani, na hakuwa na desturi ya kukuambia uendelee. Alikutazama tu mpaka ukaendelea au ukafa. Mara ya kwanza nilipokwenda kumkabidhi mgonjwa, nilikuwa nimekariri ripoti kwa Kiingereza cha kitabu, kwa sababu niliamini kwamba mtu wa sekondari hasemi mambo ya maana kwa lugha ya nyumbani. Mgonjwa alikuwa mchinjaji wa Kiamaiko aliyepasuliwa ngiri. Nilisimama wima, nikafumba macho nusu, nikayamwaga yote kwa pumzi moja.

Kutoka kwenye troli sauti nzito ya usingizi ikasema, "Ni upande wa kulia, daktari. Huu wa kushoto uko sawa tangu nizaliwe."

Wodi ilipasuka kwa kicheko. Kulikuwa na mtu aliyefungwa taya kwa waya baada ya ajali. Yeye pia alicheka, na nasikia ilibidi waya zile zikazwe upya. Sista Agripina hakucheka. Alisema, "Nesi, naona mgonjwa anajikabidhi mwenyewe. Wewe umekuja kufanya nini?"

Tangu siku hiyo nilizungumza na blanketi. Nilifika, nikainamisha kichwa, nikanong'ona, nikakimbia. Mama Zainabu aliposikia alinifungia kwenye chumba cha nguo za thieta, akakunja blanketi likawa kama mtu, akalifunga mpira mmoja tumboni, akakunja uso na kurefuka kwa namna ambayo sijui aliiweza vipi kwa kimo chake.

"Mimi ni Agripina," akasema. "Nikabidhi."

"Mgonjwa huyu, Sista..."

"Nini hicho unanung'unika? Kuna panya humu?"

"Mama, mimi siwezi."

"Sikukuuliza kama unaweza. Mgonjwa hana sauti, mwanangu, tumemlaza usingizi wenyewe. Sauti yake ni wewe. Ukinyamaza wewe, yeye amenyamaza mara mbili. Haya, anza kichwani."

Blanketi lile nililikabidhi mara nyingi kuliko mgonjwa yeyote aliye hai. Mwishowe niliweza. Niliongea haraka mno, lakini nilianza kichwani na kuishia kidoleni, nikangoja mikono ya mwenzangu. Nilifanya hivyo kwa miaka kadhaa. Sikuwahi kuzoea. Kila nilipoiona saa ya Sista Agripina, nilitamani kurudi stoo kwenye magunia.

Sasa mnaelewa kadi ilivyonijia. Niliahidi kuileta kesho yake. Niliimaliza siku ile ile. Ilikuwa na visanduku kumi na kimoja, mistari ya rula, vichwa vya habari kwa wino mwekundu. Kisanduku cha tisa kilikuwa cha mipira: uko wapi, umefungwa au umefunguliwa, nini kifanywe. Siwezi kudanganya, ilikuwa kadi nzuri. Metroni aliipeleka ikachapishwa. Wahudumu wa troli wakaanza kuniita Bwana Kadi, na mimi, badala ya kununa, niliitika.

Mama Zainabu aliisoma mbele na nyuma. "Nzuri sana," akasema. "Haikusahau kitu. Sasa niambie, nesi akiwa ameshika sindano, hii kadi itamwambia aiweke chini?"

"Ataisoma akimaliza, mama."

"Na ikiwa jambo haliwezi kungoja amalize?"

Nilicheka. Nilimwambia mambo ya kisasa yanataka mazoea. Hebu fikirini: mtu aliyeangushwa na ngozi ya tumbo anamfundisha Mama Zainabu mambo ya kisasa. Yeye aliendelea na khutba zake, akiacha kadi baada ya kumaliza, kama mtu anayeacha risiti. Mimi niliacha kuongea. Nilifika mlangoni, na nesi akiuliza kama kuna lolote, nilijibu, "Yote yako kwenye kadi." Sista Agripina alizipanga mezani, akaziwekea jiwe juu zisipeperuke, na zilisomwa baada ya mzunguko wa dawa. Kwa muda wa mwaka mzima hakuna baya lililotokea, na nikaamini kwamba ni kwa sababu ya kadi.

Mume wa Mama Zainabu aliitwa Mzee Salim. Alikuwa fundi wa kushona kanzu pale Pumwani, na adhuhuri nyingi alimletea mkewe chakula kwenye kopo lenye kifuniko, akisimama nje ya veranda kwa adabu. Mimi aliniita Bwana Kalamu. "Bwana Kalamu, umeandika nini leo? Niandikie na mimi cheti cha kuwa mume mzuri, mwenzako hapa haamini." Alinishonea suruali ya kazini pindo ambalo halikufumuka mpaka suruali yenyewe ilipochakaa.

Alikuwa na shida ya mkojo inayowapata wazee, tezi imevimba na kuziba njia. Daktari akapanga kumpasua. Kwa utaratibu wetu mtu hashiki vyombo siku mwenziwe anapolala mezani, kwa hiyo Mama Zainabu alichukua ruhusa. Jioni ya kuamkia siku hiyo aliniita pembeni.

"Mwanangu, kesho mimi ni mke, si nesi. Nitakaa nyumbani nikimwomba Mungu mpaka saa ya kuona wagonjwa. Wewe umvushe uwanja mwenyewe. Usimtume mtu."

"Mimi mwenyewe, mama."

"Kichwani mpaka kidoleni."

"Kichwani mpaka kidoleni."

Maneno hayo niliyatamka kwa mdomo wangu huu.

Lazima nieleze jambo moja la kazi. Baada ya upasuaji ule mgonjwa huwekewa mpira unaotoa mkojo na damu kutoka kwenye kibofu. Wakati ule mpira huo ulimwaga ndani ya chupa kubwa ya kioo iliyokaa sakafuni chini ya kitanda. Chupa haikuweza kusafiri kwenye troli yenye gurudumu kichaa. Kwa hiyo tuliubana mpira kwa kibano, tukauvusha uwanja ukiwa umebanwa, na wodini ukaunganishwa na chupa na kibano kikatolewa papo hapo. Kisipotolewa, damu inaganda ndani, kibofu kinajaa, na mishono inavutika. Ni jambo dogo kabisa. Kibano kinafunguka kwa vidole viwili.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Daktari mwenyewe alisema mzee ana moyo wa kijana. Nilibana mpira, na kwa kuwa nilimpenda mzee yule, nilikizungushia kibano kitambaa laini ili chuma baridi kisimguse paja. Wema wangu ndio uliokificha.

Siku hiyo hiyo wageni kutoka makao makuu walikuwa wanakuja kuiona kadi. Kulikuwa na picha ya kupigwa kabla ya chakula cha mchana, na Metroni alikuwa ameniambia nisimame katikati. Tulipokuwa tunavuka uwanja, mhudumu aliyesukuma troli akanigeukia.

"Bwana Kadi, wageni wameshafika. Mpiga picha anapanga viti. Wasikuache, wee!"

"Sukuma," nikasema. "Sukuma haraka."

Wodini Sista Agripina hakuwepo. Naye alikuwa ameitwa kwenye picha. Aliyekuwepo ni Nesi Wambui, msichana mwenye miezi mitatu kazini, mkononi ameshika sindano, mbele yake mgonjwa aliyefunua bega. Tulimhamisha mzee kitandani. Wambui akanitazama kwa pembe ya jicho.

"Ngoja nimalize hii sindano, kaka. Kuna kitu cha kuniambia?"

Vijana, pale palihitaji dakika mbili. Kungoja sindano iwekwe chini, kusema neno moja, kutazama vidole viwili vikifungua. Sista Agripina hakuwepo hata wa kuniogopesha.

"Yote yako kwenye kadi," nikasema.

Niliiweka mezani chini ya jiwe pamoja na zile nyingine. Nikatoka. Nilipitia chooni kuchana nywele.

Hiyo picha ipo. Ilitundikwa kwenye ukumbi wa hospitali kwa miaka mingi. Niko katikati, nimeshika kadi kama mtoto aliyeshika cheti, na ni mimi peke yangu ninayeonyesha meno.

Yaliyofuata niliyasikia kwa Wambui mwenyewe, akilia. Aliunganisha mpira na chupa. Chupa ilibaki tupu, naye akadhani ni dawa ya usingizi, figo bado zimelala. Mzee alianza kuugulia maumivu. Akampa dawa ya maumivu, kama ilivyoandikwa. Mzee akaugulia zaidi, na kwa aibu ya kizamani hakutaka kumwambia msichana mdogo ni wapi panapouma. Kadi zilikuwa zinangoja mzunguko wa dawa uishe, na siku ile, kwa sababu ya wageni, mzunguko wa dawa ulichelewa.

Saa kumi alasiri milango ya kuona wagonjwa ikafunguliwa. Mama Zainabu akaingia na chupa ya uji. Aliiweka chini. Hakumwamkia mume wake. Aliweka mkono kichwani mwake, akashuka shingoni, kifuani, na alipofika tumboni akasimama, kwa sababu lilikuwa gumu kama ngoma. Akaingiza mkono chini ya blanketi, akafuata mpira, akakuta kitambaa. Ndani ya kitambaa kulikuwa na kibano, na kwenye shingo ya kibano uzi wake mwekundu.

Alikifungua mwenyewe. Kilichotoka kilikuwa kichache, na kilikuwa mabonge.

Mimi nilikuwa thieta nikifuta vyombo nikisikia tumbo lote limejaa keki ya wageni. Alisimama mlangoni na buibui lake, hakulitundika. Alikuwa ameshika kibano.

"Hiki ni cha hapa," akasema, akakiweka kwenye trei. "Mwiteni daktari. Mzee anarudi mezani."

"Mama, nini..."

"Mwanangu, ulisema?"

Nilitazama kibano. Nilitazama uzi.

"Niliandika, mama."

Alinitazama kwa muda mfupi tu, jinsi unavyomtazama mtu uliyemfananisha na mwingine barabarani.

Daktari alifungua tena. Mishono ya kibofu ilikuwa imeachia, na damu ikakataa kusimama. Mzee Salim aliishi siku mbili zaidi. Siku ya tatu, kabla ya jua kupanda, alifariki, na alasiri hiyo akazikwa, kama ilivyo desturi yao.

Uchunguzi uliitishwa. Watu watatu nyuma ya meza, kadi yangu katikati. Waliisoma kwa sauti. Kisanduku cha tisa, kwa Kiingereza safi na mwandiko usio na dosari, kilisema mpira umebanwa, kibano kitolewe mara mgonjwa anapofika. Mwenyekiti aliinua miwani akasema, "Muuguzi huyu ametimiza wajibu wake kikamilifu." Kisha akamgeukia Nesi Wambui na kumuuliza kwa nini hakusoma.

Wambui alisema, "Nilimuuliza kama kuna kitu, bwana."

"Naye alikujibu nini?"

"Kwamba yote yako kwenye kadi."

"Je, hayakuwepo?"

"Yalikuwepo, bwana."

Mwenyekiti akaniuliza kama nina la kuongeza. Nilikuwa nalo. Ningesema kwamba nilifundishwa kungoja mikono yake iwe tupu, na sikungoja. Kwamba nilifundishwa kutoondoka kibano kikiwa kimefungwa, na niliondoka. Kwamba nilikuwa na haraka ya kupigwa picha. Mama Zainabu hakuwepo chumbani. Alikuwa nyumbani kwenye eda ya ujane. Hakuna mtu mwingine pale aliyejua nilivyofundishwa.

"La, bwana," nikasema. "Sina."

Wambui alipewa barua kali na kuhamishwa mbali na Nairobi. Nilisikia kwamba aliacha unesi, lakini sikufuatilia, kwa sababu mtu hafuatilii jibu analolijua.

Nilikwenda Pumwani kutoa pole. Nyumba ilijaa wanawake ndani na wanaume barazani. Nilikuwa nimejiandaa kusema yote, nilikuwa hata nimeyaandika kwenye karatasi mfukoni, kwani mimi ndivyo nilivyo. Binti yake akaniruhusu nisimame kwenye mlango wa ua. Mama Zainabu alikuwa amekaa mkekani.

"Pole, mama," nikasema, mkono wangu ukiwa mfukoni juu ya karatasi.

"Nimeshapoa. Karibu, Bwana Mutiso," akasema. "Mpeni kiti Bwana Mutiso. Mpeni na chai."

Nilikunywa ile chai. Karatasi niliirudisha nyumbani.

Eda ilipoisha alirudi kazini, akatundika buibui kwenye msumari ule ule. Tulifanya kazi pamoja miaka tisa zaidi. Hakuninyima salamu. Nikimwomba mkasi alinipa mkasi, na akasema "Shika, Bwana Mutiso." Hakunisema kwa mtu, hakunipigia makelele, hakuniuliza tena. Ningefurahi kama angenipiga kofi. Mimi nilirudi kukabidhi kwa mdomo, kichwani mpaka kidoleni, sauti juu mpaka wodi ya pili inasikia, na Sista Agripina hakunitisha tena hata kidogo. Ninyi mmenicheka kwa khutba zangu, na ninajua mnaniigiza nikitoka. Igizeni vizuri. Kadi zijazeni pia. Si kosa lao. Lakini kadi haijawahi kufungua kibano.

Siku Mama Zainabu alipostaafu, funguo za makabati ya thieta zilinifikia mimi. Alinikabidhi kwa desturi yake. Alingoja niweke kikombe chini. Alianza na kabati la dawa za hatari, kisha akashuka rafu moja baada ya nyingine, akigusa na kusema, mpaka sanduku la vibano. Akanifanya nirudie yote. Nilirudia bila kukosea hata kimoja, na nilipofika mwisho nikamtazama, nikisubiri kama mtoto.

"Umeelewa, Bwana Mutiso?"

"Nimeelewa, mama."

"Basi," akasema. Akachukua buibui lake msumarini.

Alifariki mwaka juzi. Sikuwahi kumwambia habari ya picha. Kwa miaka tisa tulikuwa umbali wa meza moja, na sikufungua mdomo.

Kwa ile "ndiyo, Metroni" Mzee Salim alilipa kwa maisha yake na Wambui kwa kazi yake. Mimi sikupoteza kazi, wala cheo, wala jina. Nilipoteza mtu mmoja aliyekuwa akiniita mwanangu, na hakuna aliyeniita hivyo tena.